Tuta, daraja, kuzunguka au kufufua reli ya zamani: ipi uipiganie reli ikija kwenu?

Wahandisi huipima reli kwa urefu. Mombasa hadi Nairobi kilomita 472; Dar es Salaam hadi Morogoro kilomita 205 za njia kuu. Anayeishi kando yake huipima kwa upana: shamba liko upande huu, kisima kiko ng'ambo, shule iko ng'ambo, na je, nitavukia wapi?

Nawaandikia watu ambao reli bado haijawafikia. Ni wengi. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga SGR, yaani reli mpya ya kiwango cha kimataifa, ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Tanzania inaendelea kuelekea Mwanza na Kigoma, na kutoka Uvinza reli inatakiwa kuingia Burundi mpaka Musongati. Kote huko kutaitishwa mkutano, chini ya mwembe au kwenye ofisi ya kata, mtaalamu atakunjua ramani, na wananchi wataulizwa kama wana maoni. Nilikohudhuria, maoni yalikuwa mawili tu: fidia na ajira. Ni madai ya haki. Lakini fidia italiwa itaisha, kambi ya ujenzi itafungwa, na namna reli ilivyopitishwa itabaki pale pale kwa miaka mia. Hilo ndilo ambalo watu huondoka mkutanoni bila kuliuliza.

Kwa jumla reli hupitishwa kwa njia nne: juu ya tuta la udongo, juu ya daraja au ndani ya handaki, kwa kuzunguka eneo lenyewe, au kwa kufufua njia ya zamani. Kenya na Tanzania zimeshazijaribu, au angalau kuzibishania, zote, kwa hiyo hatuhitaji kubahatisha.

Tuta

Hii ndiyo namna ya kawaida kwa sababu ndiyo rahisi kwa mjenzi. Udongo unachimbwa karibu, unamwagwa, unashindiliwa, juu yake kokoto na mataruma. Kisha uzio pande zote mbili.

Mfano mkubwa ni Tsavo. Reli ya Waingereza, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ililala karibu na usawa wa ardhi, na tembo waliivuka kwa hatua chache. SGR iliyofunguliwa Mei 2017 imepita sambamba nayo, lakini juu ya tuta ambalo kwingine linafikia kimo cha nyumba ya ghorofa, nalo limekata eneo lenye tembo wengi kuliko popote nchini Kenya, zaidi ya 12,000. Wajenzi waliacha vivuko vya wanyama chini ya reli, pamoja na madaraja ya mito na makalavati ya kupitishia maji. Mwaka 2016 shirika la Save the Elephants na Idara ya Wanyamapori ya Kenya waliwavisha tembo kumi kola za kufuatilia mienendo yao ili kujua kama vivuko vinafanya kazi. Jibu halikuwa la upande mmoja. Wako tembo waliojifunza kupita, mara nyingi usiku na kwa haraka, na wako waliofika kwenye tuta wakageuka. Kivuko kilichowekwa mahali ambapo tembo tayari walikuwa na njia yao kilikuwa na maana. Kilichowekwa pale mchoro ulipoona panafaa ni tundu tu kwenye ukuta.

Hayo ya tembo ni ya watu pia. Nimewahi kusimama ndani ya kalavati moja wakati mbuzi wanapitishwa kwenda malishoni. Zege pande zote, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, kengele za mbuzi zikirudisha mwangwi kama debe linalogongwa. Nyuma ya mbuzi alikuja mama mwenye ndoo kichwani. Alipofika mdomoni mwa kalavati aliitua, akaibeba mkononi, akapita ameinama, akaipandisha tena upande wa pili. Kila siku mara mbili. Mvua zikinyesha hapiti kabisa, kwa sababu pale ni njia ya maji na maji yanakuja kuchukua njia yao.

Kwenye ripoti kalavati lile limehesabiwa kama sehemu ya kuvukia. Hapo ndipo pa kung'ang'ania. Kalavati la maji na kivuko cha watu na mifugo ni vitu viwili, na viandikwe kwa namba tofauti, kila kimoja na kimo chake, upana wake na mahali kilipo. Ukiambiwa "vivuko vitakuwepo vya kutosha", hujaambiwa kitu.

Jambo la pili la tuta ni maji. Tuta ni bwawa lenye matundu. Maji yaliyokuwa yakitambaa juu ya mbuga pana sasa yanakusanywa na kusukumwa kwenye tundu moja, yanatoka upande wa pili kwa nguvu na kuchimba korongo shambani kwa mtu ambaye hakupitiwa na reli na hakulipwa hata senti. Huyo ndiye mwathirika anayesahaulika kuliko wote, kwa kuwa yuko mita mia tatu nje ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa reli. Wazee wa bonde la mto Mkondoa, Kilosa, Tanzania, ndio wa kuwauliza. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, imesombwa na mafuriko huko Kidete na Gulwe mara nyingi mno. Wenyeji wanajua mto ulihamia wapi mwaka gani, na mkandarasi anayewasikiliza huokoa pesa yake mwenyewe.

La tatu ni mashimo ya kifusi. Udongo wa tuta umetoka mahali, na mahali hapo pamebaki shimo. Masika linajaa, watoto wanaoga humo, mbu wanazaliana, na mwaka haupiti bila kusikia msiba. Kuyafukia au kuyageuza malambo yenye mteremko salama ni jambo dogo likiwa ndani ya mkataba, na ni jambo lisilowezekana mkandarasi akishaondoa mitambo.

Daraja na handaki

Daraja refu linapendeza kwenye picha, na kwa kweli linatatua tatizo la kuvuka kuliko tuta. Chini yake mji unaendelea kuwa mji. Dar es Salaam SGR inatoka stesheni kuu hadi Ilala juu ya daraja la zaidi ya kilomita mbili na nusu, na chini yake bodaboda, mikokoteni na wauza mihogo wanapita kama kawaida. Reli ile ingelazwa chini na kuzungushiwa uzio, ingeupasua mji vipande viwili.

Mahandaki nayo yana kazi yake. Kilosa yamechimbwa manne, jumla ya kama kilomita 2.6, na reli mpya imepandishwa mlimani mbali na mto ulioitesa reli ya zamani. Kenya limechimbwa handaki la Ngong la kama kilomita nne na nusu kwenye njia ya Naivasha. Kwenye handaki uliza mambo mawili tu: mawe yanayotoka humo yatamwagwa wapi, na chemchemi zilizo mlimani zitapimwa na nani kabla na baada.

Habari ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ni tofauti. Hifadhi hiyo ya mwaka 1946 ina kilomita za mraba 117 tu, na tayari mji umeibana pande tatu; imebaki wazi upande wa kusini, ambako nyumbu na pundamilia hutoka na kurudi. Ilipopangwa SGR ya Nairobi hadi Naivasha, wahifadhi walitaka izunguke. Serikali ikachagua kukatiza katikati, juu ya daraja la kama kilomita sita. Septemba 2016 Baraza la Rufaa la Mazingira la Kenya liliamuru kazi isimame. Mapema 2018 ujenzi uliendelea hata hivyo, na Oktoba 2019 njia hiyo ikafunguliwa.

Watetezi wa daraja husema wanyama wanapita chini yake, na ni kweli wanapita. Lakini miaka ya ujenzi ilileta barabara za malori, kambi, vumbi na uchimbaji ndani ya hifadhi, na kelele za treni za dizeli zitakuwepo siku zote. Kinachonisumbua zaidi ni sababu iliyofanya njia hiyo ionekane nafuu. Ndani ya hifadhi hakuna mwenye hati. Swala hadai posho ya usumbufu. Ukilinganisha gharama za njia mbili na upande mmoja una wamiliki wa kulipwa huku mwingine hauna, hifadhi, msitu wa kijiji na malisho ya pamoja vitashindwa kila mara. Wafugaji wanalijua hili vizuri, maana ardhi yao nayo huonekana haina mtu kwa sababu haina nyumba ya bati.

Kwa hiyo daraja naliunga mkono mjini, kwenye mabonde ya mafuriko na kwenye mashamba yaliyobanana. Ndani ya hifadhi nalihesabu kuwa la pili, baada ya kuzunguka.

Kuzunguka, na bei yake

Kuzunguka kunahamisha mzigo. Kusini mwa hifadhi ya Nairobi kuna viwanja na mashamba ya watu. Reli ingepita huko, familia nyingi zingehamishwa. Anayesema "izunguke" na akaishia hapo hajamaliza sentensi. Lazima aseme watakaopitiwa na mzunguko huo watalipwaje.

Hapa sheria inasaidia, ukiijua. Tanzania fidia ya ardhi si bei ya ardhi peke yake. Kanuni za mwaka 2001 zinahesabu thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, gharama za kuhama, posho ya makazi na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita. Ikipita hapo, riba inaanza kuhesabiwa, na uthamini wenyewe unakufa baada ya miaka miwili na lazima urudiwe. Kenya, Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inataka fidia ya haki na kwa wakati, na inaruhusu hata mkazi wa nia njema asiye na hati alipwe.

Nilikuwepo siku wathamini walipofika kwa mjomba wangu. Kijana wa uthamini aliamkia vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

Wakaanza kuhesabu miembe na kuandika namba kwa rangi kwenye magome. Walipofika kwenye mche wa kimo cha kiuno, kijana akaupita.

"Na huu?" mjomba akauliza.

"Huu bado haujazaa, mzee wangu."

"Mwanangu, huo ndio nilioupanda kwa ajili ya hawa," akasema, akiwaonyesha wajukuu waliokuwa wanatufuata nyuma.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauandika. Angeweza kutouandika. Mjomba hakupewa nakala ya fomu aliyoisaini siku ile, na ilimchukua miezi mingi na nauli nyingi kuipata. Usisaini fomu usiyobaki na nakala yake, na piga picha kila mti, kila kaburi, kila choo, ukiwa umesimama pembeni yake.

Pesa taslimu au ardhi kwa ardhi? Kwa mwenye duka mjini, pesa. Kwa mkulima au mfugaji napendelea ardhi, hata kama inachelewa kidogo. Fidia inapotoka kwa watu mia tano siku moja, bei ya shamba katika kata nzima inapanda wiki ile ile, na aliyelipwa thamani ya ekari tatu anajikuta ananunua ekari moja na nusu. Na pesa inaingia akaunti ya baba. Mama aliyelima lile shamba miaka ishirini anasikia tu. Dai akaunti ya pamoja, jina la mke na mume, na lidai kabla ya uthamini kuanza.

Kufufua ya zamani

Namna hii haina mvuto wa sherehe, nami naipenda. Mkuza upo tayari, mji ulishakua kwa kuufuata, wanyama waliuzoea, na gharama hailingani. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 300 mwaka 2014 kwa mradi uliokarabati Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970. SGR ya Dar hadi Morogoro peke yake iliwekewa mkataba wa dola bilioni 1.2 hivi. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka uliofuata, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya ukimya. Kenya ilifufua njia ya Nairobi hadi Nanyuki, kilomita 240, kwa makadirio ya shilingi bilioni 1.8, wakati SGR ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu bilioni 327.

Kasi ni ndogo, na mzigo inaoweza kubeba ni mdogo kuliko wa SGR. Kwa nchi inayotaka kuondoa malori barabarani hilo si jambo dogo. Ubaya wake kwa jamii unajificha mahali pengine. Reli inapolala miaka ishirini watu wanajenga juu yake, wanauza nyanya kati ya mataruma, wanazaa na kuzeeka hapo. Ikifufuliwa wanaambiwa ni wavamizi na hawana fidia.

Mfano wa kuigwa upo Kibera, Nairobi. Badala ya bomoabomoa, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulijenga nyumba ndogo na vibanda pembeni mwa njia ile ile, ukuta ukawekwa na vivuko vya miguu, na familia zikahamia mita chache kutoka zilipokuwa. Mteja wa mama wa sambusa hakupotea. Ulichukua miaka na haukuwa na ukamilifu, lakini unathibitisha kwamba asiye na hati anaweza kuhamishwa kwa heshima.

Dizeli au umeme

Hapa sihitaji maneno mengi. Kama unaishi karibu na reli, omba umeme. SGR ya Kenya ni ya dizeli; ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ni ya umeme. Hakuna moshi stesheni, kelele ni kidogo. Lakini umeme nao unatoka mahali. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limejengwa katika pori la Selous, na anayeisifu reli safi bila kulitaja hajahesabu yote. Nyaya zenyewe ni jambo la kimazingira: mwaka 2024 Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilieleza kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu ya umeme njiani. Vizuizi vya wanyama kwenye nguzo viingie kwenye tathmini mapema.

Mkopo ni wa nani?

Wananchi wachache huuliza swali hili, na linaweza kuwa na uzito kuliko mengine yote. Mkopeshaji huja na masharti yake. Mwaka 2020 benki ya Standard Chartered iliongoza mkopo wa dola bilioni 1.46 kwa SGR ya Tanzania, taasisi za dhamana ya mikopo za Denmark na Sweden zikiwemo. Wakopeshaji wa aina hiyo, sawa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, hudai mpango wa uhamishaji unaomhusu hata asiye na hati, na huwa na dawati la malalamiko nje ya nchi. Mkopo wa Benki ya Exim ya China, kama wa SGR ya Kenya, mara nyingi huegemea sheria za nchi mwenyeji. Kwa hiyo jua mlango wa kubisha hodi. Wa kwanza ni mtu wa malalamiko wa mradi, kisha mamlaka ya usimamizi wa mazingira ya nchi yako, kama NEMA ya Kenya. Kenya unaweza kwenda Baraza la Rufaa la Mazingira ndani ya siku 60 tangu uamuzi. Ukimjua mkopeshaji, una mlango mmoja zaidi.

Ukiniuliza uchague nini

Kama mkuza wa zamani upo na mzigo wa eneo lenu si mkubwa, pigania kufufuliwa, na pigania walio juu yake wahamishwe kama Kibera. Kama reli mpya haiepukiki na mnakaa kwa kubanana au kwenye bonde la mto, pigania daraja, hata la mita mia tatu tu pale penye soko na shule. Kama ni hifadhi, msitu au malisho ya pamoja, izunguke, na wanaopitiwa na mzunguko huo walipwe kabla tingatinga halijawashwa. Na kama itabaki kuwa tuta, na mara nyingi itabaki, nguvu zenu zote ziende kwenye vivuko na maji.

Hilo la mwisho halihitaji msomi. Wiki moja kabla ya mkutano, wazee, wafugaji, akina mama wa maji na watoto wa shule watembee pamoja kwenye mstari uliochorwa, na kila njia inayoukata ichomewe kijiti. Hesabuni vijiti. Pimeni kwa kamba kimo cha mama mwenye kuni kichwani na cha mkokoteni uliojazwa majani ya ng'ombe, kwa sababu kimo hicho ndicho cha chini kabisa cha kivuko chenu. Ulizeni wazee maji ya mvua kubwa waliyoiona yalifika wapi, na pachomekwe kijiti kingine. Siku ya mkutano mtaalamu akikunjua ramani, mpeni namba zenu, na kabla watu hawajatawanyika hakikisheni mtendaji ameziandika kwenye muhtasari na nakala moja imebaki kijijini.